Baba anataka niwe nesi, mimi nataka kusomea maisha ya Walatino

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 20, niko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Houston, Texas. Wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini. Mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa Marekani nikiwa na miaka 10. Naomba jina langu lisitoke, kwa sababu watu wetu hapa tunajuana wote, na habari ikifika kanisani Jumapili, Jumatatu iko mezani kwa baba.

Mwisho wa muhula huu natakiwa kuandikisha kozi kuu, yaani ile nitakayohitimu nayo. Nyumbani inajulikana ni uuguzi. Baba akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ndiye nesi wetu," na mimi sijashika hata sindano. Lakini mwaka wa kwanza kulikuwa na nafasi tupu kwenye ratiba yangu, nikaijaza kwa somo la historia na maisha ya Walatina na Walatino wa Marekani, yaani wanawake na wanaume wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini kama Meksiko na Honduras. Muhula uliofuata nikachukua la pili. Sasa nataka hiyo ndiyo iwe kozi yangu kuu.

Acha nikueleze lilikoanzia. Tulipofika tulipewa nyumba kwenye jengo lenye familia nyingi za Honduras, El Salvador, Afghanistan na Kongo. Wiki ya pili, Jumamosi asubuhi, mama alisikia kinu upande wa pili wa ukuta. Alisimama na ufagio mkononi, akasikiliza. Tangu kambini tulikuwa hatujasikia mtu anatwanga. Akasema, "Huyo ni wetu," akanishika mkono tukaenda kugonga. Aliyefungua alikuwa mama mweusi kama sisi, kitambaa kichwani, mchi mkononi. Mama akamsalimia kwa Kiswahili, kisha Kifaransa. Yeye akajibu kwa Kihispania. Alikuwa Mgarifuna wa Honduras, anatwanga ndizi zilizochemshwa za kulia samaki wa nazi. Hatukuelewana hata neno moja, lakini tulikaa tukala. Tangu siku hiyo sisi watoto tunamwita Mama Honduras, na Kihispania changu nimekipata mezani kwake.

Nilipokuwa na miaka 15 nilimsindikiza kliniki. Mhudumu alipomwona mweusi alimsemesha Kiingereza haraka haraka, na alipokaa kimya akamwona mjeuri. Ikabidi mimi niwe mkalimani. Halafu tukapewa fomu. Swali la kwanza liliuliza kama yeye ana asili ya Kihispania au ni Mlatino. La pili likauliza mbari yake. Mama Honduras akaniuliza, "Wanataka nichague nini?" Nilishika kalamu sikujua la kumjibu. Miaka kadhaa baadaye, darasani chuoni, mwalimu akaonyesha maswali yale yale mawili ukutani, akaeleza yalikotoka. Mama, machozi yalinitoka mbele ya watu, na hadi leo siwezi kusema ni kwa nini.

Nilipomgusia baba, alikuwa ametoka kazini asubuhi. Anapakia mizigo usiku kwenye ghala. Aliniangalia akasema, "Miaka 18 kambini, tumetoka, ili usomee mambo ya watu wengine? Ya kwetu unayajua?" Na ni kweli Kibembe changu ni cha kubabaisha. Kushindana naye siwezi. Kambini ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu barua, walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwetu, kwa hiyo maneno anayo.

Hata darasani si shwari. Kijana mmoja ambaye wazazi wake ni wa Meksiko aliniuliza, "Wewe hili linakuhusu vipi?" Aliuliza kwa upole, ndiyo maana liliniuma zaidi. Na mjomba anasema jimbo la Texas linayapiga vita masomo ya namna hii, nitamaliza na shahada ya idara iliyofungwa.

Ninasoma kwa ruzuku ya serikali na mkopo kidogo. Nyuma yangu wako wadogo wanne. Kemia nina B. Uuguzi siuchukii, na ningeuchukia ingekuwa rahisi. Baba hatanielewa kamwe. Je, niandikishe uuguzi nijinyamazie, au niandikishe ninachopenda kimya kimya, nimwambie nikishamaliza?

Binti wa Fizi, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikifika pale mama yako alipousikiliza ukuta na ufagio mkononi, nasimama kidogo. Nakushukuru kwa kunipa hiyo Jumamosi. Nitairudia, maana naona majibu mengi unayoyatafuta kwangu umeyaacha mle ndani ya barua yako mwenyewe.

Kwanza nikuambie ninavyokusikia, unisahihishe nikikosea. Unasema tatizo ni kozi kuu. Mimi nasikia na mengine yamejibana humo humo: kama una haki ya kusomea maisha ya watu usiozaliwa nao, kama familia itakula, na kama baba yako ataendelea kukuona ni wake. Ukiyajibu yote kwa fomu moja ya chuo, fomu itakulemea. Tuyatenganishe.

Tuanze na neno la baba, "mambo ya watu wengine". Nadhani anafikiri unataka kusomea Amerika ya Kilatini, nchi za mbali. Kuna kozi ya hivyo, lakini hii yako ni nyingine. Hii inasoma Marekani yenyewe kupitia watu ambao katika jimbo mnaloishi ni karibu wanne kati ya kila kumi. Na ardhi mnayokanyaga ilikuwa Meksiko hadi mwaka 1836. Mweleze hivi: mwaka 1829 rais wa Meksiko, Vicente Guerrero, mtu mwenye damu ya Kiafrika, alitangaza kukomesha utumwa. Walowezi wa Texas waliokuwa na watumwa walilalamika hadi wakapewa msamaha wa kutoifuata amri hiyo, na walipojitenga mwaka 1836 waliulinda utumwa ndani ya katiba yao. Baada ya hapo watu weusi wa Texas walitoroka kuelekea kusini. Walivuka mto Rio Grande kwenda Meksiko kutafuta uhuru. Mtoto mweusi anayekulia Houston hawezi kuambiwa hiyo ni habari ya wengine.

Tena baba yako ni mtu wa Ziwa Tanganyika. Anajua maana ya mpaka uliochorwa na watu wasiokunywa maji ya ziwa hilo, ndugu wa ng'ambo hii na ng'ambo ile wakaamka ni wageni kwa wenzao. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake kwa Marekani. Maelfu ya watu hawakuhama hata hatua moja, lakini walijikuta katika nchi nyingine. Sidhani baba atahitaji profesa wa kumfafanulia hilo. Yeye anaweza kukufafanulia wewe.

Lakini nusu ya pili ya maneno yake, "Ya kwetu unayajua?", hiyo mwanangu usiikimbie. Umeisoma kama fimbo ya kukurudisha kwenye uuguzi. Hebu iangalie tena. Uuguzi haukufundishi Kibembe. Ukiwa nesi, Fizi itabaki mbali vile vile. Kwa hiyo inawezekana swali lile halihusu kozi kabisa. Huenda ni majonzi ya mzazi aliyekulea kambini, akakuvusha bahari, na sasa anakuona unaongea kwa ufasaha lugha ya jirani huku yake ikikukwama. Sina hakika, simjui. Wewe unamjua. Nakuomba tu ujiulize, bila kujilaumu, kama kuna kitu nyumbani ulichokuwa unakitafuta ukakipata kwanza kwa Mama Honduras kwa sababu kwake hakikuwa na uchungu. Hilo halifanyi mapenzi yako ya somo hili kuwa ya uongo. Linaweza kueleza yale machozi.

Na hapo pia kuna kitu kizuri ambacho pengine hukijui. Wagarifuna ni uzao wa Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent. Waingereza waliwafukuza mwaka 1797, wakatelekezwa kwenye kisiwa cha Roatán, pwani ya Honduras. Chakula chao kikuu ni mkate mkavu wa muhogo. Muhogo huo huo, asili yake ni huko Amerika. Wareno ndio walioufikisha Kongo kwa meli katika karne ya 16. Bugali wa muhogo anaouita mama yako wa kwetu ulitoka upande wa Mama Honduras. Kinu mama yako alikisikia sawasawa.

Sasa huyo kijana wa darasani. Naomba usimjibu kwa hasira wala usimkimbie, maana swali lake lina haki yake. Watu wake wameandikwa sana na wageni waliokuja, wakachukua, wakaondoka. Jiulize ungejisikiaje kama mgeni angesimama mbele yako kukueleza Wabembe ni watu gani. Sisi tunaoongea Kiswahili tunalijua hili kwa pande zote mbili. Mwanafunzi wa Kimarekani akitusalimia kwa Kiswahili cha darasani tunafurahi, tunampigia makofi. Akija mwaka wa pili kutufundisha desturi zetu, tunanyamaza. Tofauti kati ya furaha ile na kimya hiki ni usikivu, na wewe umeonyesha unao.

Ila usikubali kuamini kwamba somo hili lina uzio. Halikuzaliwa na uzio. Kati ya Novemba 1968 na Machi 1969 wanafunzi wa chuo cha jimbo pale San Francisco waligoma kwa miezi karibu mitano wakidai historia zao zifundishwe. Waliokuwa kwenye mgomo ule ni weusi, Walatino, wenye asili ya Asia na wenyeji asilia wa Marekani, wote pamoja, na kilichopatikana ni kitivo cha kwanza cha aina hiyo nchini. Kumbuka pia Arturo Schomburg, mtu mweusi aliyezaliwa Puerto Rico mwaka 1874. Alihamia New York akakusanya maelfu ya vitabu na nyaraka kuhusu watu weusi wa dunia nzima, na mwaka 1926 maktaba ya mji ikaununua mkusanyiko wake. Leo maktaba ya utafiti yenye jina lake iko Harlem. Nani angemwambia Schomburg achague, wewe ni wa upande gani?

Hilo ndilo swali la fomu yako ya kliniki. Ni mwaka 1980 tu ndipo sensa ya Marekani ilipoanza kumuuliza kila mtu kama ana asili ya Kihispania, na likawekwa kando na swali la mbari. Machi 2024 serikali ikatoa mwongozo wa kuyaunganisha maswali hayo mawili kuwa moja. Kuna wasomi Walatino weusi waliopinga, wakihofia kwamba mtu kama Mama Honduras atachagua kisanduku kimoja na nusu yake ipotee kwenye hesabu, na hesabu hizo ndizo zinazotumika kuamua mengi, hospitali ikiwemo. Ulipokuwa na miaka 15 na kalamu mkononi ulikwama pale pale wanapobishana watu wazima wenye shahada tatu.

Lakini angalia, mwanangu: sehemu nzito ya hadithi yako ya kulipenda somo hili ilitokea kliniki. Hukulipendea mkutanoni wala kwenye wimbo. Sikuambii hivyo ili nikusukume kwenye uuguzi, na usikubali mtu mwingine akusukume kwa maneno hayo. Nasema kwamba umeviweka vitu viwili kama maadui, na mimi kwenye barua yako nimeviona vimekaa kiti kimoja. Mtoto wa miaka 15 hakupaswa kuwa mkalimani wa mgonjwa. Anayejua kwa nini haikupaswa, na kwa nini ilitokea, ana kazi ya kufanya katika nchi hiyo, awe amevaa sare ya nesi au la.

Tuje kwenye mkate, maana mapenzi bila mkate najua yanaishia wapi ukiwa na wadogo wanne. Nesi aliyesajiliwa Marekani kwa kawaida hupata zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, na kazi ipo karibu kila mji. Baba yako hakosei kwenye hesabu. Masomo ya Walatino hayana mlango mmoja ulioandikwa kazi juu yake. Wahitimu wake huenda kwenye ualimu, ustawi wa jamii, afya ya jamii, sheria za uhamiaji, uandishi wa habari, na wengi wao huhitaji shahada ya pili kwanza. Hiyo ni miaka na ni pesa. Wewe una kitu cha ziada, Kihispania na Kiswahili mdomo mmoja, na ukalimani wa hospitali ni taaluma. Kwa Kihispania kuna mtihani wa cheti cha kitaifa. Hata hivyo sitaki kukupaka asali. Mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu unaweza kuwa mgumu, na utakuwa mgumu mbele ya macho ya baba.

Kuna njia ya kusoma uuguzi kama kozi kuu na Walatino kama kozi ndogo ya pembeni. Ni salama, ila ratiba ya uuguzi ni ngumu, zamu za mazoezi hospitalini hazina huruma, na ninahofu kile unachokipenda kitakuwa kinapata masalio ya nguvu zako. Njia ya pili ni kugeuza: Walatino iwe kozi kuu, na pembeni usome anatomia, mikrobiolojia na kemia zinazotakiwa, kisha ukishahitimu uingie programu ya haraka ya uuguzi kwa wenye shahada tayari. Nyingi huchukua kama miezi 12 hadi 18. Wengi wanaisifu njia hii bila kutaja jambo moja: kama ruzuku yako ni ile ya serikali kuu ya Marekani iitwayo Pell, huisha ukishapata shahada ya kwanza. Ile miezi ya mwisho ungeibeba kwa mkopo au mfadhili. Nenda ofisi ya misaada ya masomo kabla ya kuandikisha chochote, uulize umebakiza mihula mingapi ya ruzuku, wakuandikie.

Kuhusu mjomba, hasemi uongo. Mwaka 2023 Texas ilipitisha sheria ya kufunga ofisi za vyuo vya umma zinazoshughulikia usawa na ujumuishi, ingawa haikugusa kinachofundishwa darasani. Mwaka 2025 ikaja nyingine inayozipa bodi za vyuo nguvu zaidi juu ya mitaala. Upepo upo. Waulize walimu wako ana kwa ana: kozi hii ikipunguzwa, wanafunzi walioiandikisha watamalizia vipi? Usione haya kuuliza. Wao wenyewe wanaliwaza kila siku.

Na sasa hilo "hatanielewa kamwe". Umeniuliza uchague kati ya mawili, na yote mawili umeyaandika kwa kimya. Uandikishe uuguzi ujinyamazie, au uandikishe kingine kimya kimya. Njia yenye maneno hukuiandika kabisa. Nahofia sana hiyo ya pili. Si kwamba kosa lenyewe ni kubwa. Ila baba atakapojua, na kanisani atajua, hatagombana na kozi tena, atagombana na miaka miwili ya kudanganywa. Na ya kwanza ina siri yake pia: atakuwa anajivunia binti asiyemjua.

Uliandika kwa kupita tu, kama jambo la kunitisha, kwamba kambini baba yako ndiye aliyewaandikia watu barua na foleni ikafika mlangoni. Mimi nilipofika hapo niliweka barua yako chini. Mtu huyo miaka yote ile alikaa na wasiojua kuandika, akasikiliza yaliyowakuta, akayageuza kuwa maneno ambayo ofisi ingeweza kuyasoma. Akawasaidia kujaza visanduku. Wewe ulifanya nini kliniki?

Kama utaweza, kabla ya kumwambia lolote la kozi, msubiri siku ya mapumziko yake, si asubuhi anapotoka ghalani na mgongo unamuuma. Umwombe akusimulie zile barua. Waliomba nini? Nani alijibiwa, nani hakujibiwa? Msikilize mpaka amalize, na akitumia Kibembe mahali, usimkatize kwa Kiswahili, muulize neno hilo maana yake nini. Ndipo umsimulie fomu ya Mama Honduras kama ulivyonisimulia mimi. Sikuahidi kwamba atasema sawa. Anaweza kusema hapana tena, na hapana yake itakuwa na sababu ambazo nyingine nimekuhesabia mwenyewe hapa. Lakini mtakuwa mnabishana juu ya jambo lenyewe.

Ukishazungumza naye, niandikie tena, hata kama tarehe ya kuandikisha itakuwa imepita. Nataka kujua barua ya kwanza aliyoiandika pale Nyarugusu ilikuwa ya nani.